Mbuzi wa Slaidi Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Marudio ya kutoa damu. Wanafunzi thelathini na watatu, mbuzi mmoja. Aliyetulia ni mbuzi peke yake.

Nimewaambia kama ninavyowaambia kila mara: nyoa, futa kwa spiriti, bana mshipa wa shingo kwa kidole gumba, subiri ujae, ndipo uingize sindano. Subiri! Nani anasubiri? Wa kwanza kachoma manyoya. Wa pili kamchoma mwenzake aliyemshika mbuzi — damu tukapata kweli, ila ya mtu. Wa tatu ni lile pandikizi la miraba minne linalokaa nyuma. Limeona tone moja tu, likaenda chini kama gunia. Mbuzi kamnusa usoni, kaendelea kutafuna. Na hawa eti wako mwaka wa pili!

Halafu kutandaza damu kwenye kioo. Tone dogo, kioo cha pili kwa mshazari, sukuma mara moja bila kusita. Mara moja! Wao wanarudi na kwenda kama wanapaka siagi kwenye mkate. Slaidi nzuri inaishia kwa wembamba, umbo la ulimi. Zao zilikuwa na umbo la ajali.

Slaidi ya maana ilikuwa moja tu, ya Kobe. Lakini kachukua saa nzima. Kobe ndiye mkubwa wao kwa umri, mama wa watoto watatu, fundi cherehani aliyeacha kushona akaja kusomea wanyama. Jina hilo kapewa na wenzake, mimi nimelidandia tu humu daftarini. Mkono anao, sikatai. Kasi ndiyo hana, hata ya kuazima.

Nimeosha mikono mara nne bado nanuka mbuzi. Baba Watoto kaniuliza kama nimebadilisha manukato. Mjinga huyu.

Jumatano, 6 Machi

Keshokutwa mtihani wa slaidi. Mtihani wangu! Kila muhula, sanduku lilelile: slaidi kumi, damu ya wanyama mbalimbali, kila moja na kibandiko chake cha namba. Mwanafunzi anaweka slaidi kwenye hadubini, anaandika ni damu ya mnyama gani, halafu anahesabu chembe nyeupe mia moja, aina kwa aina. Ukikosa zaidi ya nusu umefeli. Ukifeli mara tatu, unafunga virago. Sheria hii nimeitunga mimi na sioni haya. Hatutaki mtu ampime ng'ombe wa watu kwa kubahatisha.

Kobe kafeli mara mbili tayari. Nimemwambia mbele ya darasa: mama, safari hii fungua macho. Kaitika, ndiyo Mwalimu. Kwa upole hasa. Upole wake ndio unaonitia hasira.

Mchana nimepita koridoni nikawasikia wengine wanaimba. Darasa zima, sauti ya chini, kama kwaya inayojiandaa: moja ng'ombe, mbili mbwa, tatu punda… Sikusimama hadi mwisho, machozi yalinilengalenga. Halafu watu wanasema vijana wa siku hizi hawasomi. Hawa wanasoma mpaka wanaimba!

Nilitaka niingie niwapongeze. Mia Mia kanizuia — eti niwaache, nitawavuruga. Mia Mia ni mtoto wa dada yangu, msaidizi wangu wa maabara. Jina lenyewe linatokana na mtihani huu huu: mwaka juzi alipata mia kwa mia, wa kwanza tangu chuo kianze. Ndiyo sababu akaajiriwa. Siku hizi wanaopata mia wamekuwa wengi. Nadhani nafundisha vizuri zaidi.

Kazini ananiita Mwalimu, nyumbani mama mdogo. Akitaka kuondoka mapema, ananiita mama mdogo hapo hapo kazini.

Ijumaa, 8 Machi

Thelathini na wawili wamefaulu! Wengi wamemaliza slaidi zote kumi kwa nusu saa. Yule wa miraba minne katumia dakika ishirini na tano, kapata tisa. Mtu anayezimia kwa tone moja! Ualimu ni kipaji jamani, hausomewi.

Kobe kachukua saa nne na nusu. Mama wa usafi kapiga deki kumzunguka, mara mbili. Nimesahihisha kwa karatasi yangu ya majibu, nikapata tatu kwa kumi. Basi, mara ya tatu hiyo.

Na makosa yenyewe sasa! Namba saba ni mbuzi. Yeye kaandika kuku. KUKU! Chembe nyekundu za kuku zina umbo la yai, na kila moja ina kiini katikati. Za mbuzi ni viduara vidogovidogo, kiini hakuna kabisa. Anayechanganya hivyo viwili anaweza kuchanganya baiskeli na ndoo.

Nimemwita ofisini. Kasimama, kashika mkoba kwa mikono miwili. Kasema — polepole, kila kitu chake polepole — samahani Mwalimu, lakini ile ni ndege. Nikamwambia hiyo ni mbuzi tangu wewe unashona sare za shule. Kasema basi anaomba mtu mwingine aitazame. Mtu mwingine! Miaka kumi na tisa nafundisha damu, leo aitwe mtu mwingine!

Nimelisimulia mezani tukila. Baba Watoto kacheka mpaka kapaliwa. Akainua paja la kuku, akaniuliza na huyu pia alikuwa analia mee? Nimecheka na mimi. Watoto wamecheka. Tumecheka sana.

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda kwa dada. Karatasi ya matokeo ya Mia Mia bado iko ukutani sebuleni, ndani ya fremu, juu kuliko picha ya harusi. Shemeji kalalamika kidogo kuhusu hilo. Dada kamwambia harusi kila mtu anafunga, mia kwa mia ngapi umeziona?

Mbele ya majirani kanishika mkono: huyu ndiye aliyemtoa mwanangu. Asingekuwa mdogo wangu, mwanangu angekuwa bado anazurura. Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo. Niliongeza chai.

Jumatatu, 11 Machi

Kobe kamwandikia barua Mkuu wa chuo. Kurasa mbili, mwandiko umenyooka kama pindo. Anaomba msahihishaji kutoka nje aje aitazame slaidi namba saba kabla hajaondolewa.

Mkuu kaniita. Kasema ni utaratibu tu, nisikasirike. Nani kakasirika? Nimefunga mlango kama kawaida. Kitasa kile kilikuwa kimelegea siku nyingi.

Kikao ni Alhamisi. Barua ya kumwondoa Kobe imeshachapwa, inasubiri sahihi yangu.

Maabara nzima wananipa pole kama nimefiwa. Mia Mia kanisihi nisihangaike hata kuigusa slaidi hiyo — mama mdogo, usijishushe. Mtoto ana adabu huyu. Lakini kesho nitaitazama. Si kwa shaka, la. Nataka nipange maneno ya kumwambia yule mama siku ya kikao.

Jumanne, 12 Machi

Kuku.

Kuku!

Niliingia saa ya chakula, maabara tupu. Nikaweka tone la mafuta juu ya namba saba, nikashusha lenzi. Umbo la yai. Kiini katikati. Umbo la yai, kiini katikati, kioo kizima! Nikafuta lenzi — kuku. Nikahamia hadubini ya pili — kuku. Nikavua miwani, nikavaa miwani. Kuku yuleyule, wala hana wasiwasi.

Nikatoa zote kumi. Namba moja si ng'ombe, ni mbwa. Namba mbili ndiyo mbuzi. Tatu sijui nimwambie nani. Kwa karatasi yangu ya majibu, slaidi zilizo mahali pake ni tatu tu. Nikaivuta karatasi ya Kobe, nikasahihisha upya, safari hii kwa kutazama. Hata hesabu za chembe nyeupe, mbili tatu juu, mbili tatu chini, zote sawa.

Kumi kwa kumi.

Nikakaa kwenye stuli. Na stuli hiyo hiyo ndiyo iliyonikumbusha! Miaka mitatu nyuma. Nilikuwa nimetoka kuzisafisha mafuta slaidi zote, vibandiko vimelowa. Wageni wakubwa wakabisha hodi. Nikageuka, nikajikwaa kwenye stuli, sanduku likaruka. Hakuna kioo kilichovunjika, nikamshukuru Mungu. Vibandiko tu vilibanduka. Nikavibandika harakaharaka huku nasema karibuni, karibuni, jisikieni nyumbani. Nikajiambia nitahakiki kesho.

Miaka mitatu! Karibu watu mia wameangalia kuku wakaandika mbuzi, na mimi nikawapa vyeti. Inawezekanaje? Halafu nikaikumbuka ile kwaya. Moja ng'ombe, mbili mbwa… Yarabi! Hawakuwa wanasoma, walikuwa wanakariri karatasi yangu. Hakuna aliyetazama. Nusu saa slaidi kumi — nani anahesabu chembe elfu moja kwa nusu saa, hata awe malaika? Na mimi mwenyewe je? Nilisahihisha karatasi kwa karatasi. Hadubini nane, watu mia na mwalimu wao, na jicho lililofanya kazi ni la Kobe.

Nimembana Mia Mia stoo. Kaapa kwa jina la mama yake kwamba hajui lolote. Nikamwambia mama yako ni dada yangu, tafuta kiapo kingine. Mwisho katapika yote: majibu yanarithishwa, darasa kwa darasa, tangu kabla yake. "Mama mdogo, tulidhani unajua. Tulidhani ndiyo njia yako ya kutubeba." Nikamuuliza, wewe ndiye unayeziandaa slaidi hizi kila muhula, hujawahi hata siku moja kuchungulia namba saba? Kanishangaa. Achungulie ya nini, na yeye anajua ni mbuzi?

Nikisema ukweli, kazi ya mtoto imekwenda na maji. Dada hatanisemesha mpaka wanizike, na hata mazishini atakuja kwa kuchelewa. Na mimi nitaonekana nani? Nikinyamaza, Kobe anafukuzwa kwa kosa la kuona.

Kuna mwingine pia. Mwaka juzi nilimwondoa mmoja, msichana mwembamba hivi. Alikuja ofisini akasema kitu kuhusu slaidi. Sikumbuki alisema nini, maana sikuwa namsikiliza. Hili linaniuma kuliko yote.

Chakula sijala. Kilikuwa kuku.

Jumatano, 13 Machi

Niliamka na mpango. Rahisi kabisa! Nirudishe vibandiko kama vilivyokuwa zamani. Namba saba iende kwa mbuzi wa kweli. Msahihishaji atatazama, ataona mbuzi, karatasi yangu itakuwa sahihi, mia ya Mia Mia itakuwa sahihi. Kobe ataonekana kachanganyikiwa, lakini si anaondoka hata hivyo?

Nimeandika hilo sasa hivi na kulisoma. Mwanamke mzima.

Basi nikajifungia, nikaanza na saba. Kibandiko kikatoka vizuri, kikagoma kuachana na kidole. Nikakitikisa, kikahamia kidole cha pili. Nikakipangusa kwenye meza, kikarudi na vumbi. Mlango ukagongwa, ukafunguliwa — kumbe kufunga ni kukumbuka kugeuza ufunguo. Kobe! Nikakunja mikono kifuani.

Kavaa miwani. Mikubwa, mipya, imemfanya aonekane kama bundi aliyeshtuliwa. Nikamuuliza kulikoni. Kasema kaenda kupimwa macho. Daktari kamwambia macho yako mazima mama, unaona kuliko mimi. Yeye akang'ang'ania apewe miwani hivyo hivyo. Watu thelathini na wawili wanaona mbuzi, yeye peke yake anaona kuku, hiyo kasoro itakuwa ya nani? Nikamuuliza na sasa, kwa hiyo miwani, unaona nini? Kasema sasa hata huyo kuku simwoni vizuri.

Nilitaka kucheka. Nilitaka kulia. Nikakohoa.

Halafu kasema amechoka kubishana. Cherehani aliiuza ili aje hapa, hana pa kurudi. Kesho akiulizwa atasema ni mbuzi, ataomba radhi, huenda wakamhurumia arudie mwaka. Kaja kuniaga vizuri na kuniomba msamaha kwa ile barua. Msamaha! Mimi! Ningepaswa kuruka kwa furaha, maana amenitatulia kila kitu. Badala yake masikio yamepata moto. Nikamwambia nenda kapumzike, mama.

Kafika mlangoni kageuka. Mwalimu, una kitu kwenye koti. Nikatazama. Namba saba, imeganda kifuani kama beji.

Nimekirudisha kibandiko kwenye slaidi kilikotoka, kwa kuku. Zaidi ya hapo sijui nitafanya nini. Baba Watoto kaniuliza mbona nimenyamaza tangu jana, nimemjibu ni jino.

Alhamisi, 14 Machi

Kikao, saa nne na robo. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo daftari liko mbele yangu na kalamu inatembea. Wanadhani ni muhtasari.

Waliopo: Mkuu, msahihishaji kutoka nje, Mia Mia, Kobe, mimi. Hadubini mezani, namba saba iko chini ya lenzi, taa inawaka. Na chai.

Mkuu kamkaribisha mgeni atazame. Mgeni kasema hana haja, na kwanza kasahau miwani yake. Anamwamini mwalimu, sifa zake amezisikia. Kobe kavua yake akampa. Mgeni kaivaa, kashika meza, karudisha — inampa kizunguzungu. Mgeni kamwambia Mkuu basi atazame yeye. Mkuu kasema yeye ni mtu wa hesabu, damu inamsumbua tumbo. Mia Mia anasoma kamba za viatu vyake. Watu watano, hadubini inawaka bure!

Mkuu kamgeukia Kobe. Mama, kwa mara ya mwisho, hiyo ni damu ya mnyama gani?

Kobe kaiweka miwani pembeni. Kainama. Nimetazama saa ya ukutani: dakika mbili nzima. Anasogeza kidogo, anarekebisha, anasogeza tena, kama siku zote. Hakuna mwingine darasani anayefanya hivyo. Kainuka. Macho mekundu.

"Mbuzi," kasema.

Mkuu kapiga meza kwa raha. Yamekwisha! Apewe onyo, arudie mwaka, ile barua ya kumwondoa ichanwe, tusonge mbele. Mgeni anasema mwanafunzi anayekubali kosa atafika mbali. Mia Mia kashusha pumzi mpaka karatasi zangu zimepeperuka. Biskuti zinazungushwa, mgeni kachukua tatu.

Kwa hiyo kila mtu amepona. Mtoto wa dada amepona, fremu itabaki ukutani, jina langu halina doa. Hata Kobe amepona. Anakunja leso yake mara nne, mara nane, hamtazami mtu. Mihula mitatu alikuwa anaona na kusema anachokiona, nikamfelisha. Leo kaona kuku akasema mbuzi, wamempa biskuti. Kazi yangu hiyo. Naona aibu, tena aibu ya kutoka jasho.

Mkuu anasema: katibu, andika, kikao kimekubaliana kwamba namba saba ni mbuzi.

Nimeandika "kikao kimekubaliana". Hapo nimekwama.

Nimesema, "Si mbuzi."

Sikupanga. Imetoka kwa sauti ile ya darasani, ya kufika viti vya nyuma. Mia Mia kasema mama mdogo, tafadhali — mbele ya mgeni! Kobe kaikamata miwani yake, hajui avae au asivae. Mgeni kaacha kutafuna. Naandika ili nisimtazame mtu usoni, mwandiko wenyewe hausomeki.

Mkuu kaniinamia, kikombe bado hewani. Anasema hakusikia vizuri, nirudie.

Amesikia vizuri sana.